Mtoto ana kijino kama ncha ya msumari nyuma ya meno ya mbele. Tuking'oe?

MamaWaLangoni, Amu

Asalaam aleikum wenzangu. Jambo hili nimekaa nalo tangu embe zianze, na sasa naona niulize, maana nyumbani kila mtu ana lake.

Kijana wangu ana miaka minane na miezi minne. Meno mawili ya mbele ya juu, yale ya utotoni, yaling'oka mwezi mmoja akiwa darasa la kwanza. La kulia likaota jipya, kubwa, limenyooka, sasa linakaribia mwaka. La kushoto halijaota mpaka leo. Pale lilipotakiwa kuwa, nyuma kidogo upande wa kaakaa, kumechomoza kijino chembamba kilichochongoka. Baba yake ni fundi wa majahazi, kazi yake iko Matondoni. Alimfunua mdomo chini ya taa akasema, hiki ni kama ncha ya msumari uliotokeza upande wa pili wa ubao. Na ndivyo kilivyo. Nimekigusa kwa kidole, hakitikisiki hata kidogo.

Embe ndizo zilizonionyesha. Kila akila, nyuzi zinanasa mahali nisipopaelewa, anahangaika kwa ulimi mpaka anakasirika. Siku moja nikamlaza kichwa mapajani nimtoe nyuzi, ndipo nikakiona.

Mavyaa wangu anasema tukifunge uzi tukivute kama tulivyovuta ya utotoni. Baba yake anasema kiachwe, kitadondoka chenyewe. Jirani yangu mmoja mtu mzima akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu hakuanza kuota meno ya juu?" Nilijua anakokwenda, anataka kuniambia mwanangu ni kigego, mtoto wa mkosi. Iliniuma. Mwanangu alianza ya chini, mawili, akiwa na miezi saba, nakumbuka kwa sababu alining'ata nikimnyonyesha.

Je, hili ni jino la ziada? Tuling'oe au tungoje? Na lile kubwa la kushoto limepotelea wapi? Kituo nilichokwenda kwanza waliniambia wao wanaweza kuling'oa siku ile ile ila mashine ya picha ya meno imeharibika. Nikarudi nyumbani. Sijui kama nilifanya vyema.

Nahodha_Shela

Wa aleikum salaam dada. Pole na usiwe na hofu nyingi. Ami yangu alikuwa na jino kama hilo ndani ya kaakaa, amezikwa nalo akiwa na miaka sabini na kitu. Halikumsumbua. Mimi ningeliacha.

Mstaafu_wa_Meno, Malindi

Mwanangu, ulifanya vyema sana kurudi nyumbani. Ngoja nikueleze kwa nini, na uniwie radhi nikirefusha. Kazi ya meno nimeifanya miaka thelathini na moja katika vituo vya pwani hii, na watoto wa namna ya kijana wako ndio niliowapenda na ndio walionikosesha usingizi.

Kwanza tuhesabu. Mlaze tena mapajani kama ulivyofanya siku ya embe, taa iwe nyuma yako. Tafuta chonge zake mbili za juu, za utotoni, bado atakuwa nazo. Kati ya chonge na chonge panatakiwa meno manne, hayazidi. Sasa hesabu aliyonayo pamoja na hicho kijino, kisha ongeza lile la kushoto ambalo halijaonekana. Ukipata matano, moja ni mgeni. Meno ya utotoni kwa jumla ni 20, ya ukubwani ni 32 pamoja na magego ya mwisho, na chochote juu ya hapo ndicho tunachokiita jino la ziada.

Kwa maelezo yako, hicho chembamba kilichochongoka ni mgeni, karibu nitie sahihi. Kinachoota katikati, baina ya meno mawili makubwa ya mbele ya juu au nyuma yake, kinaitwa mesiodensi, na ndicho cha kawaida kuliko meno yote ya ziada. Si ajabu wala si mkosi. Katika meno ya ukubwani huonekana kwa mtu mmoja hadi watatu hivi katika kila mia, wanaume mara mbili ya wanawake, na sehemu kubwa kabisa ni taya la juu. Mara nyingine hufuata ukoo, kwa hiyo muulize mumeo kama babu au ami yupo aliyekuwa nacho. (Ndugu Nahodha, hilo la ami yako lichunguzeni kwa watoto wenu.)

Sababu yake ni nini? Jino huanza kama chipukizi ndani ya taya, kwenye utepe wa seli unaopita mle mtoto akiwa bado tumboni. Wataalamu wengi wanaona kwamba utepe ule ukifanya kazi kupita kiasi mahali fulani, hutoa chipukizi moja zaidi. Basi. Mama hakula kitu kibaya, hakuna aliyemtupia mtoto jicho. Na kigego hakihusiani na hili hata kwa unyuzi. Kigego ni habari ya jino lipi limetangulia kutoka, na kutangulia kwa jino la juu ni tofauti tu ya mtoto na mtoto. Nimeona akina mama wakilia kwa neno hilo, na wengine waliozaa watoto wenye jino tayari kinywani wakifichwa chumbani wasionwe. Jino la kuzaliwa nalo, mara nyingi mno, ni lile lile la utotoni lililowahi. Mwambie jirani yako nimemsalimu, na mtoto wako hana kosa.

Sasa jambo lenyewe. Kijino si tatizo kubwa. Tatizo ni lile jino kubwa la kushoto ambalo halijatoka. La kulia limetoka karibu mwaka. Wawili hao ni pacha, huota miaka saba hadi minane, na mmoja akimtangulia mwenzake kwa zaidi ya miezi sita, hatungoji tena, tunapiga picha. Niambie pia: lile dogo la pembeni upande wa kushoto limeshatoka? Kama limetoka na kubwa bado, hiyo ni alama ya pili, kwa sababu kwa kawaida kubwa ndilo linalotangulia.

Kwa nini nasema picha kwanza, koleo baadaye? Kwa sababu hicho unachokiona kinaweza kuwa na mwenzake usiyemwona. Mesiodensi mara nyingi huwa mmoja, lakini huja wawili pia, na wa pili hukaa ndani ya mfupa. Wengine wamegeuka miguu juu, ncha inaelekea puani, hao kwa kawaida hawatoki kwa njia ya ufizi. Wengine ni wafupi wanene wenye vinundu kama pipa, na hao ndio wazuiaji wabaya zaidi wa jino kubwa. Tena lipo la ziada linalofanana na la kawaida kama shilingi kwa ya pili, huwezi kwa macho kujua lipi mwenyeji, mpaka uone mizizi. Ukiling'oa la mbele kwa pupa, huenda umemtoa mwenyeji ukamwacha mgeni.

Picha ya kuomba ni mbili. Moja ya taya zima, ile mashine inayomzunguka mtoto kichwa amesimama, ionyeshe meno yote yaliyotoka na yasiyotoka. Na picha ndogo za hapo mbele, mbili, zikipigwa kutoka pembe tofauti. Usikubali moja tu kwa hizo ndogo, uliza kwa heshima ile ya pili iko wapi. Picha moja haisemi kama jino liko upande wa mdomo au upande wa kaakaa, yote yanaonekana yamelaliana.

Nikuonyeshe kwa mfano wa kwenu. Simama ufukoni Amu uangalie Manda. Mbele yako kuna mlingoti wa jahazi lililotia nanga, nyuma yake mikoko ya Manda. Anza kutembea kuelekea Shela. Mlingoti utauona unarudi nyuma, na mikoko kama inakufuata. Kilicho mbali hufuatana nawe, kilicho karibu huenda kinyume. Ndivyo tunavyosoma zile picha mbili: mashine ikisogezwa, jino lililoelekea upande wa kaakaa linasogea pamoja nayo, la upande wa mdomo linakwenda kinyume. Mengi ya ziada yako upande wa kaakaa, lakini daktari hachani ufizi kwa "mengi", anachana kwa picha. Wakiona mambo yamefungamana, watataka skani inayoonyesha taya kwa pande tatu, si kila mtoto anahitaji hiyo. Mionzi ya picha za meno ni kidogo.

Uzi wa mavyaa wako usifungwe. Jino hilo lina mzizi wake kamili, si kama la utotoni ambalo mzizi umeshaliwa. Na umwambie mumeo halitadondoka lenyewe.

Kuhusu kungoja, alilosema Nahodha si la kutupwa. Kuna meno ya ziada tunayoyaacha: liko juu sana, halimzuii mwenzake, halina uvimbe wala haligusi mzizi wa jirani. Hapo tunapiga picha kila baada ya muda na kuangalia. Ila la kijana wako lina jino kubwa nyuma yake linalogonga mlango.

Uangalie na hili moja, si kwa kukutia hofu. Meno ya ziada yakiwa mengi mno, matano, sita, kumi, tunaangalia na mwili. Kuna watoto wanaozaliwa na mifupa ya mtulinga mifupi au hawana kabisa, wanaweza kuyakutanisha mabega mbele ya kifua. Na kuna ukoo wenye meno ya ziada na vinundu vya utumbo vinavyogeuka saratani ukubwani. Kwa kijino kimoja hapo katikati, mtoto mzima mwenye afya, usiende huko.

Nenda upige picha, mwanangu, kisha urudi utuambie.

Mama_Mapacha, Malindi

Nami niongeze la kwangu kwa sababu nimelipitia. Mdogo wangu wa kiume aling'olewa kijino kama hicho mahali fulani, sipataji, bila picha. Tulifurahi kweli. Mwaka mzima tukingoja jino kubwa, halikuja. Ndipo tukapata daktari aliyepiga picha, akakuta kingine juu yake. Akafanyiwa mara ya pili, na wakati huo lile dogo la pembeni lilikuwa limeshahamia katikati, nafasi imekwisha. Amevaa waya za meno miaka miwili. Tungepiga picha siku ya kwanza angefanyiwa mara moja.

Watu walimwambia ana mwanya mzuri, asiuzibe. Pwani tunapenda mwanya, najua, mimi mwenyewe ninao. Lakini mwanya wa kuzaliwa si ule unaosukumwa na jino lililojificha.

Ukienda siku ya kung'oa, mlishe vizuri kabla, kama ni sindano ya ganzi tu. Kama watamlaza nusu kaputi watakwambia saa za kufunga, zifuate barabara. Baada yake aume ile pamba nusu saa asizungumze, na siku ya kwanza asisukutue wala asiteme teme mate, damu iliyoganda ndiyo dawa. Uji upoe kabisa. Kesho yake ndiyo maji ya vuguvugu na chumvi. Paracetamol inatosha, aspirini usimpe mtoto. Midomo itakuwa na ganzi saa mbili tatu, mkalie asijitafune. Wangu mmoja alijitafuna mdomo ukavimba kuliko lile tundu.

MamaWaLangoni, Amu

Nimerudi, na nina majibu. Shukrani nyingi, hasa kwako Mzee wangu. Nilihesabu kama ulivyosema, yalikuwa matano. Na la pembeni kushoto ndiyo, lilikuwa limeshatoka na mimi sikujua kama ni dalili.

Tulivuka Mokowe alfajiri, basi likapita Witu na Garsen, adhuhuri tuko Malindi kwa shangazi yake. Kesho yake tukapiga. Kijana aliambiwa asimame kidevu juu ya kibao, aume kijiti, asipumue kwa nguvu. Alisimama kama askari. Nilipoonyeshwa picha nilishika kiti. Meno yote aliyonayo na yote yajayo yamepangwa safu juu ya safu, sikujua kama mtoto anabeba vitu vyote hivyo usoni. Na hapo katikati, viwili. Kile cha msumari, na juu yake kingine kifupi kimegeuka, ncha juu. Na nyuma ya hicho kifupi, jino kubwa la kushoto, zima, limelala kidogo, linangoja.

Daktari alipiga zile ndogo mbili bila mimi kuomba. Nikamwambia habari ya mlingoti na mikoko, akacheka akasema ataitumia kwa wanafunzi wake. Amesema vyote viwili viko upande wa kaakaa na vitatolewa siku moja. Atafungua ufizi wa kaakaa kutoka nyuma ya meno, aondoe mfupa kidogo, ashone. Amenipa nafasi mbili nichague: ganzi ya kawaida, au alazwe hospitali nusu kaputi kwa sababu cha juu kiko ndani. Jino kubwa amesema halifungui sasa, anataka kuliona kama litashuka lenyewe. Je, Mzee, hiyo ni sawa? Mbona asilivute hapo hapo tukamaliza?

Mstaafu_wa_Meno, Malindi

Alhamdulillahi. Amekuambia sawa, mwanangu. Jino la miaka minane mzizi wake haujafunga nchani, unamalizika karibu miaka kumi. Jino ambalo mzizi wake bado unakua huwa na nguvu zaidi ya kushuka. Ukiondoa kizuizi mapema, na nafasi ikiwepo, mengi hushuka yenyewe, mengine miezi sita, mengine mwaka na zaidi. Kulifunua sasa ni kumwongezea kidonda ambacho huenda hakihitaji. Likikataa, ndipo watalifunua, walibandike kidude kidogo chenye mnyororo mwembamba na kulivuta taratibu kwa waya. Kazi hiyo ni ya miezi, na inafanikiwa.

Swali la kumuuliza wewe ni moja: nafasi. La pembeni limeshaanza kuegemea? Kama limeegemea, aseme mapema kama atavaa plastiki ya kinywani ya kuliweka pengo wazi. Hilo ndilo watu husahau, jino linashuka linakuta mlango umefungwa.

Kuhusu ganzi au nusu kaputi, wewe unamjua mwanao. Aliyesimama kama askari kwenye mashine huenda akaiweza sindano. Lakini cha pili kiko ndani ya mfupa na kazi inaweza kuchukua muda, mtoto akichoka katikati ni taabu kwake na kwa daktari. Mimi kwa kilichogeuka ningechagua alazwe. Hakuna aibu ndani yake.

Nahodha_Shela

Dada, nimesoma yote na narudisha neno langu la mwanzo. Nimewahesabu wanangu watatu jana usiku kwa tochi. Wa pili nina wasiwasi naye, ana miaka sita, nafuatilia. Mkivuka tena Mokowe niambieni, boti yangu ipo, hamlipi.

MamaWaLangoni, Amu

Kaka Nahodha, Mwenyezi Mungu akulipe, tulivuka na boti yako na kijana anakusalimu.

Tulichagua alazwe. Alifunga tangu usiku, akaingia saa mbili asubuhi, akatoka kabla ya saa nne. Nyuzi tano kwenye kaakaa. Siku mbili alikunywa uji na maziwa ya baridi tu, ya tatu akaomba mkate wa mofa, nikamlowesha kwenye chai. Daktari alinipa vijino vyote viwili ndani ya kichupa. Cha msumari ni kirefu kuliko nilivyodhani, mzizi wake mara mbili ya kichwa. Kile kilichogeuka ni kifupi, kinene, kina vinundu vitatu juu, hakifanani na jino la mtu. Baba yake aliviweka kiganjani akavigeuza geuza muda mrefu, hakusema neno. Mavyaa naye akavitazama, akaniambia, "Basi uzi wangu ungevunjika."

Leo ni mwezi wa nne. Amepewa ile plastiki, anaivaa usiku na saa za chuoni anaitoa kwa ajili ya kusoma Qurani, matamshi yanamgomea nayo. Jino kubwa halijatoka. Ila ufizi pale kushoto umenyanyuka na umekuwa mweupe kidogo, na nikibonyeza kwa kidole nahisi kitu kigumu chini yake ambacho mwezi uliopita hakikuwepo. Mzee, ndiyo lenyewe hilo?

Mstaafu_wa_Meno, Malindi

Kigumu, hakimuumi, na ufizi umenyooka juu yake kama ngozi ya ngoma?

MamaWaLangoni, Amu

Hivyo hivyo.

Mstaafu_wa_Meno, Malindi

Basi ni lenyewe. Usilichokonoe. Mpe vitu vya kutafuna, karoti, mahindi ya kuchoma, na aendelee na plastiki yake hata kama linamkera. Likifika mwezi wa sita bila kupasua ufizi, mrudishe kwa picha moja ndogo.

MamaWaLangoni, Amu

Nimeandika tarehe ukutani kando ya kalenda ya maji kujaa na kupwa ya baba yake. Nitarudi.